Masomo ya Kuishi Bila Mimi

Jumapili, 8 Machi

Mvua imeanza leo. Ilianza Kaka akiwa bado anatafuta maneno ya kunikatalia, ikampa nafasi ya kukimbilia uani kuanua nguo, kazi ambayo sijawahi kumwona akiifanya.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna programu huria inaitwa Ghala, inayotunza nakala za kazi za watu ili kompyuta ikifa, kazi isife nayo. Nimeitafsiri kwa Kiswahili kwa kujitolea, sentensi moja moja, miaka sasa. Wenye Ghala wanafungua ofisi ndogo, na Mratibu wao, mama ambaye tumeandikiana sana bila kuonana, anataka nikawaongoze wafasiri. Ni kazi ya mshahara, katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Inaanza mvua zikiisha. Hajaniuliza kama naiweza. Ameniuliza kama naweza kuhama.

Kaka ana kiwanda cha uchapaji mbele ya nyumba, na mimi nina chumba nyuma ya kiwanda. Kompyuta zote za kiwandani zinatumia mfumo huria wa Linux kwa sababu niliiweka mimi. Zikikohoa, naitwa mimi. Nina tovuti ya habari na mafunzo ya Linux kwa Kiswahili, inasomwa na watu wengi tu, ila si na mtu yeyote wa nyumba hii. Hapa wanaye mwandishi mwenyewe, wasome ya nini.

Kaka aliporudi na nguo alikuwa ameshapata maneno. "Kitinda, mimi sikukatazi. Ila mashine ataziangalia nani?"

Ananiita Kitinda kwa sababu mimi ndiye kitinda mimba. Nina miaka thelathini na nne. Wazazi walipofariki nilikuwa darasa la tatu, na ni yeye aliyenisuka nywele kila Jumapili mpaka alipooa, vibaya sana, kwa upendo. Ndiyo maana siwezi kugombana naye. Nikamwambia nitawafundisha.

"Haya. Siku kiwanda kikienda wiki nzima bila kukuita, nitakusindikiza mwenyewe."

Mke wake, Wifi, alisikia kila neno. Kaka akanikabidhi nguo. Zilikuwa zimelowa chepechepe.

9 Machi

Nimeanza kuandika masomo, moja kwa kila tatizo ninaloitiwa. Juu nimeandika "Masomo ya Kuishi Bila Mimi". Wifi ameliona jina kwenye skrini akasema nilibadilishe, watu watadhani naumwa.

11 Machi

Mvua. Nimeitwa tangu asubuhi, chai imepoa kikombeni mara mbili.

Jumamosi, 14 Machi

Mpangaji kurasa wetu tunamwita Nukta, kwa sababu hakuna nukta iliyowahi kumponyoka. Yuko na Kaka tangu kiwanda kikiwa na mashine moja ya mkono. Ukurasa akiupanga yeye unapumua. Lakini kompyuta ikimwuliza swali tu, anainua mikono juu ya kibodi na kuita, "Dada." Haongezi neno. Ananingoja mikono ikiwa juu vile vile, mtu akipita dirishani atadhani tumevamiwa.

Leo ameniita kwa ajili ya fonti, kwa ajili ya printa, na kwa ajili ya saa iliyokuwa imerudi nyuma. Yote hayo nimeshayaandikia somo, nimelichapa, nimelibandika ukutani mbele ya pua yake. Namwona mvivu. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu aliyenizidi umri.

Jingine la leo. Msomaji wa tovuti alinipigia, programu yake imeganda na imezaa vijiprogramu visivyotaka kufungwa. Nikamjibu kwa sauti kubwa, maana mvua ilikuwa inapiga bati: "Muue mzazi kwanza, watoto watakufa wenyewe." Kwenye kaunta alikuwapo bibi aliyekuja kuulizia kadi za harusi ya mjukuu wake. Wifi anasema aliondoka bila mwavuli wake.

17 Machi

Mvua.

20 Machi

Wifi amekwisha nipangia kazi za mwezi wa sita. "Mwezi wa sita tutapaka jiko rangi, wewe utanishikia ngazi. Mwezi wa saba kuna yale magodoro." Anajua kabisa kwamba mwezi wa sita nataka niwe nimeondoka. Nikasema sawa. Ndiyo kawaida yangu, nasema sawa, kisha najifungia chumbani na kukasirika peke yangu. Kaka ananizuia kwa upole. Wifi, nimeanza kuamini, ndiye komeo lenyewe la nyumba hii.

Barabara ya kwenda stendi imejaa maji, watu wanavuka wamebeba viatu mkononi.

Ijumaa, 27 Machi

Nimeaibika leo, na nataka niliandike kabla sijajitafutia utetezi.

"Dada."

Sikuinuka. Nikajibu nikiwa chumbani: "Soma somo la saba."

"Nimelisoma."

"Basi fanya lilivyosema."

"Limesema niweke neno la siri la mkuu wa mashine. Sinalo, Dada. Hujawahi kunipa."

Nikatoka. Nikachukua masomo yote, nikayasoma moja baada ya jingine nikiwa nimesimama. Karibu yote yanafika pale pale: weka neno la siri, kisha endelea. Vidole vyangu vimelizoea hata sikumbuki kwamba ninaliandika. Miaka yote hii nimelalamika kwamba watu hawa hawajifunzi, kumbe kila wakijaribu wanafika mlangoni na ufunguo ninao mimi.

Nilimwambia Nukta kwamba ni kwa ajili ya usalama. Akaitikia kwa heshima, na nadhani hakuamini. Ukweli ni kwamba nilipenda kuitwa. Nalalamika, lakini naenda nikiwa na furaha, nagusa vitufe vitatu, wote wanashusha pumzi. Hakuna mahali pengine ninapopata hilo.

3 Aprili

Nimempa Nukta neno la siri kwenye kikaratasi. Amelikariri akiwa amefumba macho, akakichana kile kikaratasi.

Nimefanya na la pili. Ghala iliyokuwa hapa ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza kinamchosha. Anachojua ni kwamba akitaka anabonyeza Y, asipotaka anabonyeza N, mengine haulizi. Basi nimemwekea Ghala ya Kiswahili, tafsiri yangu mwenyewe. Sasa mashine itamwuliza kwa lugha anayoiota usiku. Alisoma sentensi ya kwanza kwenye skrini, akasema koma ilikaa vibaya.

Mratibu ameandika: nitathibitisha lini. Nikamjibu karibuni.

6 Aprili

Sijaitwa ila mara moja. Kaka ameniuliza kama nimegombana na Nukta.

Alhamisi, 9 Aprili

Mwalimu wa Hesabu ni mstaafu, na tangu mwaka jana tunampangia kitabu chake cha jiometria. Michoro yote, duara, pembe, mstatili unaokatwa na mshazari, ameichora Nukta mwenyewe kwenye kompyuta. Kitabu kilikuwa kinaingia mashine wiki ijayo.

Saa nne asubuhi nilikuwa kitandani na kompyuta mapajani, naandika habari ya sasisho jipya la mfumo. Nikasikia "Dada." Haikuwa sauti yake ya siku zote. Nikatoka bila viatu.

Mikono ilikuwa juu. Folda ya Mwalimu haikuwepo. Nikafungua Ghala kutazama nakala, na nakala nazo hazikuwepo. Nikamwuliza kilichotokea, akanieleza taratibu. Diski ilikuwa imejaa. Somo la tisa linasema ikijaa fungua Ghala upunguze nakala kuukuu. Akafungua. Kwa bahati mbaya akachagua folda ya Mwalimu badala ya ya mwaka juzi. Mashine ikamwuliza.

"Ikakuuliza nini?"

"'Nifute folda hii pamoja na nakala zake zote?' Nikashtuka. Nikakataa."

"Ulikataaje?"

"Nikabonyeza N."

Nikatazama skrini. Swali lilikuwa bado pale, sentensi niliyoitunga mimi, nikaipenda, nikaituma kwa Mratibu. Mwisho wake, kwenye mabano, zile herufi mbili: n/h.

"Mzee," nikasema, "N si no. N ni ndiyo."

Akashusha mikono, akaiweka mapajani. Mvua ilikuwa imekatika, na hata yule wa kukata karatasi alikuwa ameacha kukata.

Ndiyo, hapana. Nilichukua herufi ya kwanza ya kila moja, kama wanavyofanya katika lugha zote. Nikasahau kwamba vidole vya watu wetu vilijifunza kukataa kwa Kiingereza. Katika lugha nyingi ukikosea herufi, mashine inakuuliza tena. Katika ya kwetu, inakushukuru na kufuta.

Kaka aliingia akitoka kwa wauza karatasi. Aliona nyuso zetu akauliza ni nini. Nukta akanitangulia: "Nimefuta kitabu cha Mwalimu. Nilibonyeza mimi." Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa na nafasi ya kusema, ndefu kabisa, na nikanyamaza.

Kaka hakufoka. Aliketi juu ya rimu za karatasi, akavua kofia. "Umempa funguo mtu asiyejua kuendesha," akaniambia. Kisha, kwa sauti ya chini: "Umeona mwenyewe, Kitinda. Huwezi kuondoka." Namjua Kaka. Alikuwa na huzuni ya kitabu, lakini ndani ya sauti ile kulikuwa na nafuu, niliisikia, na niliichukia.

10 Aprili

Nimefukua diski kwa programu za uokoaji. Maandishi ya kitabu yanarudi vipande vipande. Mchoro haujarudi hata mmoja.

11 Aprili

Kaka ameanza kuulizia mpangaji kurasa mwingine. Nukta anakuja asubuhi, anafagia eneo lake, anakaa. Hajaniita na hajanitazama.

Jumapili, 12 Aprili

Nimemwambia Kaka. Nilimkuta anakunywa chai, nikamweleza habari ya N mwanzo hadi mwisho, na kwamba tafsiri ni yangu, na kwamba Nukta alikataa kama ambavyo mtu yeyote angekataa.

Alifikiri. "Kwa hiyo kosa ni la Kiswahili?"

"Kosa ni langu, Kaka."

"Basi Nukta abaki." Akamimina chai nyingine. "Na ndiyo vizuri upo. Kosa lako, nani atalirekebisha kama si wewe?"

Nikaona kwamba hakuna namna. Nukta akikosea, siondoki kwa sababu hawawezi. Nikikosea mimi, siondoki kwa sababu nina deni la kurekebisha. Mazungumzo yote katika nyumba hii, yaanzie popote, yanaishia chumbani kwangu.

Jioni nilikwenda kwa Nukta kumwomba radhi. Akanikaribisha kiti. "Ulinyamaza," akasema. Nikasema ndiyo, nilinyamaza. Akasema haya, yameisha, na akaniuliza kama ile koma nimeirekebisha.

Jumanne, 14 Aprili

Kaka anajua, Nukta anajua. Lakini Ghala ya Kiswahili haiko kiwandani hapa tu. Iko kwa kila aliyesoma tovuti yangu na kunisikiliza nilipomwambia aiweke.

Ningeweza kumwandikia Mratibu kimya kimya, herufi zibadilishwe katika toleo lijalo, na toleo lijalo litoke baada ya mvua. Mpaka hapo kila anayekataa anafutiwa. Au niandike leo kwenye tovuti, na Mratibu, ambaye huisoma kila wiki, asome kwamba mtu anayetaka kumkabidhi wafasiri ameandika swali linalofuta kazi za watu.

Niliogopa sana. Nataka ile kazi kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Nilizunguka chumba, nikakunja nguo zilizokwisha kunjwa. Wifi akachungulia akaniuliza natafuta nini, nikasema sawa. Hakuwa ameuliza swali la sawa.

Saa kumi nikaandika: "Tahadhari: kwenye Ghala ya Kiswahili, N ni ndiyo." Nikaeleza jinsi ya kubadilisha. Mwisho nikaongeza kwamba mfasiri ni mimi. Nikaitoa, nikamtumia na Mratibu.

16 Aprili

Wasomaji wanaandika. Wengi wanashukuru. Mmoja alikuwa amekwisha poteza picha za mama yake, mwezi uliopita, na alidhani ni kompyuta mbovu. Sijui nimjibu nini. Nimeandika na kufuta, nimeandika na kufuta.

19 Aprili

Nimebadilisha Ghala yetu hapa. Herufi hakuna tena, ukitaka kufuta unaandika neno zima. Mratibu kimya.

22 Aprili

Nukta anachora michoro upya. Nimesimama nyuma yake muda mrefu. Anachora duara, analitazama, analifuta kwa milimita ambayo mimi siioni, anachora tena. Hakuna mvivu anayefanya hivyo. Sijui nilikuwa namtazama nani miaka yote.

Kaka alipopita, Nukta akasema bila kugeuka: "Bosi, ile wiki uliyoahidi. Ianze Jumatatu. Dada akae ndani, asitoke hata tukiungua."

Kaka akacheka, kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. Alikuwa ameahidi mbele ya Wifi. Akasema haya.

Jumatatu, 27 Aprili

Sijaitwa.

28 Aprili

Sijaitwa. Mvua ndogo.

Jumatano, 29 Aprili

Mchana mashine ikalia, ule mlio wa hitilafu ninaoujua. Niliinuka nikafika mlangoni, mkono juu ya kitasa. Nikasikia Nukta anafunua karatasi za masomo, anasoma kwa sauti ya chini kama anayehesabu. Mlio ukaendelea. Nilijua tatizo, nilijua hata ukurasa. Kisha ukanyamaza, mashine ikaanza kutembea, na mtu akasema kitu wakacheka.

Nililia. Hiki ndicho nilichokuwa nakitaka tangu mvua zianze, na nililia, nimeegemea mlango, kwa kuumia kabisa.

30 Aprili

Sijaitwa.

Jumamosi, 2 Mei

Kaka amebisha hodi. Hajawahi kubisha hodi chumbani kwangu, huwa anaingia akiwa tayari katikati ya sentensi.

"Hatujakuita," akasema.

"Nimesikia."

"Nukta ameweka hata fonti mpya. Kitabu cha Mwalimu kiko kwenye mashine." Akasimama pale akitazama sakafu. "Nilidhani haitafika Jumanne, Kitinda. Wiki ijayo maji yakipungua barabarani, nitakusindikiza."

Nikamshika mkono. Wino umeingia kwenye kucha zake na hautoki tena.

Jumatano, 6 Mei

Mratibu amejibu. Barua ina adabu, na imeandikwa vizuri. Ananishukuru kwa tahadhari, wameifanyia kazi, sasa Ghala itadai neno zima katika kila lugha. Kisha anasema kamati imeona kwamba, kwa sasa, kitengo kiongozwe na mtu mwingine. Milango iko wazi siku za mbele.

Niliisoma mpaka maneno yakaacha kuwa na maana. Nje jua lilikuwa linawaka, la kwanza la kweli tangu Machi.

Wifi aliingia na nguo za kupigwa pasi. Akanitazama, akaweka nguo chini, akafunga mlango.

"Wamekataa?"

"Wamekataa."

"Kaka yako anajua?"

"Bado."

"Basi asijue."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Wifi, sina kazi huko."

"Na hapa unayo? Tangu wiki ile hata hapa huna." Aliketi kitandani. Hakuwa anasema kwa ubaya. "Sikiliza. Mimi nilikuja nyumba hii nikiwa naelekea chuo cha ushonaji. Nilikuwa nimeshapata nafasi. Kaka yako akasema ngoja mvua ziishe. Ni mtu mwema, hajawahi kunikataza kitu. Umeshahesabu ni mvua ngapi zimeisha?"

Nilianza kuhesabu, nikaacha.

"Nilikuwa nakupangia kazi za mwezi wa sita nione kama utakataa. Rangi, magodoro. Nikasema akikataa moja tu, nitajua anaondoka kweli. Hukukataa hata moja. Ukanikasirisha sana."

"Nikifika huko nitafanya nini?"

"Utafundisha watu hayo mavitu yako. Wanakuandikia kila siku, si watu hao? Utaosha vyombo. Sijui. Lakini ukimwambia kaka yako kwamba kazi imekufa, atakuhurumia, na akikuhurumia umekwisha."

Akachukua nguo zake akatoka. Miaka yote nimekaa na mwanamke huyu ukuta kwa ukuta, na nimemwita komeo.

Ijumaa, 8 Mei

Nina mahali pa kufikia. Mmoja wa wasomaji wangu, mwuguzi, ana chumba, na ana kompyuta mbili zinazomsumbua. Nina habari za kuandika na mafunzo ya kutoa, na nina woga mwingi. Hivyo ndivyo nilivyo navyo.

Leo tulikula pamoja, wote watatu. Kaka alimaliza chakula, akapanguza mdomo, akaniuliza.

"Hao watu wako wanajua unafika kesho?"

Wifi alikuwa anamimina chai. Hakuinua macho.

"Wanajua."

"Ofisi ipo kweli? Wanakusubiri?"

Nilimtazama usoni. Sijawahi kumdanganya Kaka katika jambo kubwa. Nilijua nikisema kweli atanishika bega, atasema basi, pole mdogo wangu, tutaona mvua nyingine, na nitabaki hapa nikipendwa mpaka nizeeke.

"Wananisubiri," nikasema.

Akashusha pumzi. "Vizuri. Nisingekubali uende mahali ambapo husubiriwi." Akainuka, akasema sanduku langu atalibeba yeye mwenyewe asubuhi, akaenda stoo kutafuta kamba ya kulifungia.